Baiskeli kwa Mwendo wa Soga: Mwongozo Kamili wa Watu Wawili Vijijini Uingereza Msimu wa Baridi

Ushauri mwingi kuhusu baiskeli wakati wa baridi unatoka kwa watu wanaokimbia. Wanakwambia uvae kidogo, utapata joto njiani. Ni kweli kwa anayekanyaga mpaka jasho limtoke. Kwa watu wawili wanaotaka kupiga soga wakikatiza vijiji mwezi wa Januari, ushauri huo utawafikisha meno yakigongana. Anayekwenda polepole hatoi joto la kutosha, anasimama mara kwa mara, na anakaa nje muda mrefu kuliko yule mkimbiaji. Kwa hiyo karibu kila kitu kinabadilika: nguo, urefu wa njia, vituo, hata treni ya kurudia.

Nitatumia njia moja kama mfano, ile ya kutoka Cambridge hadi Ely kupitia nchi tambarare iitwayo Fens, mashariki mwa Uingereza. Ni kilomita 40 hivi, haina milima, na miji yote miwili ina stesheni. Ukiwa unaishi Leicester, Reading au kwingineko, badilisha majina ya vijiji, kanuni hazibadiliki. Saa zote humu ni za Kiswahili: simu ikionyesha 15:50, mimi nitasema saa 9:50 alasiri.

Hesabu kuanzia machweo

Usipange safari kwa kuanzia saa ya kuondoka. Anza na saa ya jua kuzama, kisha urudi nyuma. Karibu na tarehe 21 Desemba, Cambridge hupata jua baada ya saa 2 asubuhi na kulipoteza kabla ya saa 10 alasiri. Una mchana usiofika saa nane, na saa ya kwanza huwa ya sakitu. Mwishoni mwa Januari jua huzama baada ya saa 10:30, na mwisho wa Februari ni kama saa 11:30. Ndiyo maana Februari, hata kama baridi yake ni ileile, ni mwezi mzuri zaidi kwa anayeanza.

Jiwekee sharti la kufika saa moja na nusu kabla ya machweo. Mwendo wa soga ni kilomita 13 au 14 kwa saa. Kilomita 40 ni kama saa tatu za kukanyaga, ongeza saa moja na nusu ya chai, picha na mambo yasiyopangwa. Mkiondoka saa 3:30 asubuhi mtafika saa 8 mchana. Msiharakishe kutoka kabla ya saa 3:30: barafu ya usiku inahitaji muda kuyeyuka.

Kwa wanaoswali, Desemba ina hesabu yake. Adhuhuri huingia mnamo saa 6 mchana na magharibi kabla ya saa 10, na alasiri imebanwa katikati. Beba mkeka mwepesi na uamue mapema mtasimama wapi. Cambridge yenyewe ina msikiti mkubwa wa Mill Road uliofunguliwa mwaka 2019, wenye nguzo za mbao zinazotawanyika juu kama matawi ya miti. Hauko mbali na stesheni na unafaa kuwa mahali pa kukutania, hata kwa asiyeswali.

Upepo ndio mlima wa huku

Watu wakisikia Fens ni tambarare hudhani kazi imekwisha. Ardhi isiyo na vilima wala msitu haina pa kujificha, na upepo wa kukutana nao uso kwa uso kwa kilomita 20 unachosha kuliko mwinuko wowote wa Lushoto. Mwinuko una kilele, upepo hauna.

Mara nyingi Uingereza upepo huvuma kutoka kusini-magharibi. Ely iko kaskazini-mashariki ya Cambridge. Maana yake, siku ya kawaida ukitoka Cambridge utasukumwa mgongoni hadi Ely, kisha unarudi kwa treni kwa muda wa robo saa hivi. Lakini siku za baridi kali sana upepo hugeuka na kutoka kaskazini au mashariki. Siku hiyo geuza safari: pandeni treni kwenda Ely asubuhi, mrudi mkikanyaga. Angalia utabiri usiku wa kuamkia safari, usome mwelekeo wa upepo kabla hujasoma nyuzi joto.

Kuhusu treni: Jumamosi na Jumapili ni rahisi kupandisha baiskeli, siku za kazi kuna vikwazo asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini. Jumapili ina mtego wake. Reli ikiwa kwenye matengenezo huletwa mabasi badala ya treni, na kwa kawaida mabasi hayo hayabebi baiskeli. Angalia kabla ya kununua tiketi.

Siku za kubaki nyumbani ni tatu: ya ukungu mzito, ya mvua iliyonyesha jioni kisha anga ikafunguka usiku na kuganda, na ya upepo ambao hata kusimama getini ni shida. Ahirisheni bila kuoneana haya.

Baiskeli yenyewe

Huhitaji baiskeli ya mbio. Baiskeli ya mtumba yenye gia chache, tairi za upana wa milimita 32 hadi 40 na usukani unaokuwezesha kukaa wima inafaa kuliko ile nyembamba ya maelfu ya pauni. Ukikaa wima unamwona mwenzako, unaona juu ya ua wa michongoma, na shingo haikakamai.

Madigadi ni lazima, mbele na nyuma. Barabara za vijijini zina maji na tope kuanzia Novemba hadi Machi. Asiye na madigadi analowa mgongo yeye, na anamrushia matope usoni aliye nyuma yake.

Sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma kuanzia machweo hadi macheo, pamoja na rifleta nyekundu nyuma; baiskeli iliyotengenezwa baada ya Oktoba 1985 inatakiwa pia rifleta za rangi ya kahawia-manjano kwenye pedali. Mimi huwasha taa tangu asubuhi, kwa sababu jua la huku baridini hukaa chini na kumpiga dereva machoni mchana kutwa. Chaji taa usiku wa mwisho, maana betri hupungua nguvu kwenye baridi. Simu nayo iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo itazima ikiwa bado inasema ina asilimia 30.

Kofia ngumu haimo kwenye sheria kwa mwendesha baiskeli. Vaa hivyo hivyo.

Breki zijaribu zikiwa zimelowa. Breki za mpira zinazobana taya, yaani ringi ya gurudumu, huchelewa kushika zikiwa na maji, na mara nyingi watu hugundua hilo kwenye kona ya kijiji mbele ya trekta. Tairi zijaze kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, lakini baki upande wa chini wa kipimo hicho. Tairi laini kidogo hushika lami iliyolowa vizuri zaidi.

Nguo za mtu asiye na haraka

Hata siku isiyo na upepo, baiskeli inajitengenezea wake. Nyuzi 2 za Selsiasi ukiwa kwenye kilomita 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Hivyo usivae kwa ajili ya kipimajoto cha dirishani.

Karibu na ngozi vaa sufu nyembamba au kitambaa cha michezo. Fulana ya pamba iache nyumbani: hunyonya jasho, hubaki imelowa, na ukisimama dakika tano kunywa chai inageuka kuwa kitambaa baridi kilichobandikwa mgongoni. Juu yake sweta, kisha koti jembamba linalozuia upepo. Mkimbiaji angeishia hapo. Wewe beba sweta moja zaidi kwenye mkoba, na ulivae *kabla* hujaanza kusikia baridi, yaani dakika ileile mnaposimama. Ukilikosa, gazeti lililotandazwa kifuani chini ya koti hufanya kazi ya ajabu. Hata waendeshaji wa mbio hufanya hivyo wanaposhuka milima.

Mikono na miguu ndiyo huamua kama siku itakuwa nzuri. Glavu nene zinazozuia upepo, zenye nafasi kidogo ndani. Viatu vya kawaida vyenye nafasi ya soksi ya sufu; ukivaa soksi mbili kwenye kiatu kinachobana, damu haipiti na vidole vitaganda zaidi kuliko kwa soksi moja. Mfuko wa plastiki kati ya soksi na kiatu huzuia upepo, ingawa mguu utatoa jasho. Masikio yafunike kwa kofia nyembamba inayoingia chini ya kofia ngumu.

Anayevaa buibui au gauni refu anahitaji baiskeli isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni, na suruali nene ndani. Ncha za mtandio zikae ndani ya koti.

Mkobani

Tyubu mbili mpya za saizi sahihi, vijiti vitatu vya kutolea tairi, pampu, spana ya nati za magurudumu kama baiskeli yako ni ya aina hiyo, glavu za akiba. Themosi ya chai ya tangawizi. Tende, karanga, maandazi ya jana. Kuleni kidogo kila baada ya saa moja hata kama hamna njaa. Mwili unaokosa chakula huanza kwa kupoteza joto la vidole. Na maji ya kawaida pia, kwa sababu baridi huficha kiu.

Mkiwa wawili barabarani

Mwenda pole ndiye anapanga mwendo. Hilo likubaliwe mlangoni kabla ya kuondoka. Kipimo ni maneno: mwenzako akianza kujibu "ndiyo" na "hapana" tu, mmezidisha, punguzeni.

Kanuni za barabara za Uingereza zinaruhusu baiskeli mbili kwenda sambamba, na marekebisho ya Januari 2022 yalilieleza hilo waziwazi, pamoja na kumtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapoipita baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, na zaidi kama anakwenda kasi zaidi. Nchi hii inaendesha kushoto kama kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo gari litawapita kulia. Asiye na uzoefu akae kushoto, upande wa majani. Mwenye uzoefu kulia. Upepo ukitoka pembeni, mwenye nguvu ahamie upande wa upepo kama barabara ni tupu.

Barabara nyingi za vijijini huku zinaruhusu gari kwenda maili 60 kwa saa, hata zile ambazo magari mawili hayawezi kupishana. Wenyeji hawakimbii hivyo kote, ila wapo wanaojaribu. Kwenye kona yenye ua mrefu nyamazeni wote wawili msikilize. Atakayesikia injini kwanza aseme "gari nyuma", aliye kulia apunguze aingie nyuma ya mwenzake, gari lipite, kisha mrudi sambamba na hadithi iendelee. Msijibanze ukingoni kabisa: huko ndiko kuna mashimo, miiba na majani yaliyooza, na dereva akiona nafasi finyu atajaribu kupenya.

Mkimkuta mpanda farasi, msipige kengele ghafla nyuma ya farasi. Semeni "good morning" mkiwa bado mbali, msubiri ajibu, kisha mpite kwa mbali na polepole. Njia za farasi mnaruhusiwa kuzitumia kwa baiskeli tangu sheria ya mwaka 1968, mradi muwapishe farasi na waendao kwa miguu. Njia za waenda kwa miguu peke yao hamruhusiwi. Lakini baridini njia ya farasi huwa ni tope tupu. Bakini kwenye lami.

Barafu, tope na vivuli

Aliyekulia Makete au Njombe anaijua sakitu ya asubuhi. Tofauti ni kwamba huku sakitu inakaa juu ya lami, na sehemu nyingine haionekani kabisa: lami inaonekana imelowa tu, kumbe ni kioo. Hewa inaweza kuwa nyuzi 3 na lami iliyo kivulini iko chini ya sifuri. Halmashauri humwaga chumvi kwenye barabara kuu, na barabara ndogo mnazozitaka ninyi mara nyingi hazipati. Maeneo ya kuogopa ni chini ya miti, nyuma ya ukuta wa kanisa, juu ya madaraja, na pale maji ya shamba yanapovuka barabara.

Mkiingia juu ya barafu bila kutarajia, usifunge breki, usigeuze usukani, usikanyage. Acha baiskeli iteleze moja kwa moja mpaka ivuke. Mkiiona kabla, shukeni mtembee kwenye majani pembeni. Hakuna anayewaangalia.

Kwenye Fens kuna jambo jingine. Kuanzia vuli hadi Februari wakulima wanavuna viazi sukari, na matrekta hutoka shambani yakiwa yameburuta udongo mweusi hadi barabarani. Ukilowa, udongo huo huteleza kama sabuni. Pia barabara zenyewe zimejikunja, juu chini, juu chini. Eneo hili lilikuwa kinamasi mpaka lilipokaushwa kwa kiasi kikubwa karne ya 17, kazi inayohusishwa na mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden; udongo wa mboji ulipokauka ukasinyaa, na bado unasinyaa, barabara zikashuka nao. Sehemu nyingine ziko chini ya usawa wa bahari. Mikono iwe kwenye usukani, hata hadithi ikinoga.

Pancha

Baridini pancha ni nyingi, na kuna sababu. Sheria inazuia wakulima kukata ua wa michongoma kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31 ili ndege wazae kwa amani. Kwa hiyo ukataji wote hufanyika miezi mingine, na miiba hubaki imetapakaa barabarani wakati huu huu mnaopita.

Usibandike kiraka njiani. Solusheni hukauka polepole kwenye baridi na vidole havisikii. Badilisha tyubu, kiraka utabandika nyumbani.

Tokeni barabarani, ingieni kwenye lango la shamba. Kama ni gurudumu la nyuma, weka kwanza cheni kwenye kigurudumu cha meno kilicho kidogo kabisa. Geuza baiskeli, toa gurudumu, maliza upepo wote. Bana tairi kwa viganja mzunguko mzima ili kingo zake zidondoke katikati ya taya. Ukifanya hivyo vizuri, kijiti kimoja au viwili vinatosha kuchokoa upande mmoja. Toa tyubu ya zamani, lakini kumbuka ilivyokuwa imekaa. Ijaze kidogo, iweke karibu na shavu usikie inapovuja; shavu linasikia upepo ambao vidole vilivyoganda haviusikii. Pima umbali kutoka kwenye valvu hadi kwenye tundu, kisha tafuta umbali huohuo kwenye tairi. Mwiba utaukuta hapo, ncha yake imechungulia ndani kiasi cha milimita moja. Usukume utoke nje kwa ufunguo. Ukiuacha, tyubu ya pili haitafika kilomita moja.

Tyubu mpya ipulizwe kidogo tu ipate umbo, iingie, kisha tairi irudishwe kwa viganja kuanzia upande ulio mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu. Sehemu ya mwisho itakaza. Usitumie kijiti hapo, kitabana tyubu na kuitoboa. Rudi mzunguko mzima ukisukuma tairi katikati ya taya, na nafasi itapatikana. Hakikisha tyubu haijachungulia popote, ndipo ujaze.

Kazi ya mwenzako wakati huo si kutoa ushauri. Ashike baiskeli, aweke nati ndani ya kofia zisipotee, amimine chai, na akuvishe lile sweta la akiba.

Njia ya mfano

Kutoka Cambridge fuata vibao vya njia ya baiskeli ya taifa namba 51 hadi Bottisham, kisha namba 11. Kijiji cha Lode kiko karibu na Anglesey Abbey, ambako Januari na Februari watu huja kuona maua madogo meupe yanayochomoza ardhini wakati kila kitu kingine kimelala. Baada ya hapo njia inanyooka, nyumba zinakwisha, na mnapita juu ya mifereji ya kale ambayo wenyeji huiita *lode*.

Sehemu nzuri kuliko zote ni Burwell Fen. Majira haya kuna bundi wanaowinda mchana, wakiruka chini chini juu ya nyasi. Kwetu bundi ana sifa yake mbaya. Huku watu wanasimama na darubini saa nzima wakimsubiri. Mnaweza pia kuona bata maji wakubwa weupe waliotoka Iceland, wakila mabaki ya viazi sukari mashambani.

Wicken Fen ni kituo cha chai, na iko kwenye kama theluthi mbili za njia, mahali hasa panapohitajika. Ni hifadhi ambayo National Trust, shirika la kuhifadhi mazingira na urithi, lilianza kununua ardhi yake mwaka 1899, na ina mgahawa. Angalia saa za kufungua siku hiyo. Ukikuta umefungwa, baa ya kijiji inauza chai na kahawa bila kumlazimisha mtu pombe, na huwa na moto. Keti ndani, usiketi nje, na usizidishe dakika 40. Mwili ukizoea moto, kutoka tena ni adhabu.

Kutoka Wicken hadi Ely mtaliona kanisa kuu muda mrefu kabla hamjalifikia. Watu huliita Meli ya Fens, kwa jinsi lilivyosimama juu ya ardhi bapa. Ujenzi ulianza mwaka 1083, na mnara wa pembe nane ulijengwa baada ya ule wa kwanza kuporomoka mwaka 1322. Msihadaike na ukaribu wake. Bado kuna kilomita za kukanyaga.

Mwenzako akinyamaza

Kutetemeka ni kawaida, na dawa yake ni kukanyaga au kuingia ndani. Kinachotisha ni ulimi kuwa mzito, mikono kushindwa kushika breki, au mtu kuanza kukataa chai bila sababu. Hapo safari imekwisha. Mwingizeni ndani popote, hata kwa kubisha hodi nyumba ya mtu, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza vizuri. Ulimi ukiwa mzito, akichanganyikiwa, au akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, pigeni 999, namba ya dharura.

Mkisharudi

Vidole vilivyokufa ganzi visiwekwe juu ya hita. Vitaungua bila wewe kusikia. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Baiskeli imwagie maji ya kawaida jioni hiyohiyo, kabla hujaoga, hasa cheni na breki. Chumvi ya barabarani huanza kula chuma usiku uleule. Futa cheni kwa kitambaa, tia tone la oili kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, futa ziada. Kesho yake pitisha macho kwenye tairi zote mbili ukiwa na kibano, ung'oe miiba iliyojificha kwenye mpira ambayo bado haijafika ndani.